Paa la Nani?

Ukitoka Darajani, ukaacha nyuma meza za pweza na kelele za makondakta, unapita ubavuni mwa soko na kuingia Mkunazini, na mji unabadilika ghafla. Jua linakatika. Honi za daladala zinafifia, na badala yake unasikia kijiko kikizungushwa ndani ya kikombe, redio ikitangaza vifo, mtoto akikariri juzuu nyuma ya dirisha lililofungwa. Hewa ina ubaridi kidogo na harufu tatu zinazopokezana: ubani, mafuta ya kukaangia, na ukuta uliolowa.

Hiyo ya tatu ni harufu ya chokaa iliyonyonya maji. Mgeni huizoea baada ya siku mbili asiisikie tena. Mwenyeji hakumbuki kama aliwahi kuisikia. Lakini fundi mwashi akiingia ndani ya nyumba, kabla hajasema neno, hunusa kwanza.

Mji Mkongwe wa Unguja si mkubwa. Anayezijua njia zake anaweza kuukata kwa miguu kutoka Malindi hadi Vuga bila kuhema. Katika eneo hilo dogo zimebanana nyumba zipatazo 1,700, nyingi zikiwa za karne ya 19, wakati karafuu, pembe za ndovu na utumwa vilipouleta hapa utajiri wa bahari nzima ya Hindi. Mwaka 2000 mji wote uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Miaka michache kabla ya hapo nyumba hizo zilikaguliwa moja moja, na ikaonekana kwamba karibu robo tatu ziko katika hali ya kuchakaa.

Njia ni nyembamba. Pengine mikono miwili iliyonyooshwa inagusa kuta za pande zote, na vespa ikija lazima mtu ajibanze kwenye daka la mlango. Kuta zinapanda ghorofa mbili, tatu, mara chache nne, na kwa kuwa huna nafasi ya kurudi nyuma, nyumba huioni nzima. Unaiona vipande: baraza ya mawe iliyolainishwa na vizazi vya wakaaji, mlango wa msaji uliochongwa minyororo kwenye fremu, wenye misumari ya shaba inayojaza kiganja, roshani ya mbao iliyobabuka rangi, waya za umeme zilizosokotana, kisha kipande cha mbingu. Watalii husimama mlangoni, kiongozi wao akawaonyesha maua ya yungiyungi na magamba ya samaki yaliyochongwa kwenye kizingiti. Picha zinapigwa. Kisichomo katika picha zote hizo ni paa. Ukiwa njiani huwezi kuliona, na nyumba ya mawe huanza kufa kutokea juu.

Kiponda nilikuta nyumba imefunguliwa. Rundo la mawe ya matumbawe lilikuwa limezuia nusu ya njia, miti ya jukwaa imefungwa kwa kamba, na vijana wawili wenye vumbi jeupe mpaka kwenye kope walikuwa wakichekecha mchanga. Fundi wao alikuwa mtu mzima mwenye kofia ya kiua iliyokwisha kugeuka rangi ya udongo. Nilimwamkia.

“Marahaba, mwanangu. Ingia, lakini chunga kichwa.”

Ndani palikuwa na ukumbi mrefu ambao upana wake hauzidi mita tatu. Vyumba vya nyumba hizi ndivyo vilivyo, virefu na vyembamba, na sababu ni boriti. Dari hubebwa na miti ya mikoko iliyokuwa ikiletwa kwa majahazi kutoka delta ya Rufiji, na mti mmoja ulionyooka, wenye unene unaofaa, hauendi mbali zaidi ya hapo. Tajiri wa zamani aliweza kuagiza mlango mkubwa kuliko wa jirani yake, akajaza kuta zake vioo na sahani za Kichina, lakini upana wa ukumbi aliamuliwa na mkoko. Kilichobaki katika uwezo wake kilikuwa urefu wa chumba na kimo chake, na hapo hakujizuia: dari ilikuwa juu mno, na sauti zetu zilichelewa kidogo kurudi.

Boriti zilikuwa zimepangwa karibu karibu. Juu yake hulazwa mawe bapa, na juu ya mawe humwagwa chokaa iliyochanganywa na kokoto, ikapigwa kwa vijiti kwa siku kadhaa mpaka ishikane. Kazi hiyo ilikuwa ya watu wengi, na waliifanya kwa nyimbo ili mapigo yaende sawa. Unene wa sakafu unaopatikana ni mkubwa, na uzito wake wote umeegemea ncha za boriti, shubiri moja hivi iliyozamishwa ndani ya ukuta kila upande.

Fundi alinipeleka kwenye boriti moja waliyoishusha asubuhi ile. Ilikuwa nyeusi kwa uzee. Aliigonga katikati kwa mpini wa nyundo nayo ikalia, ngumu, kavu. Akasogea nusu hatua, akaigonga tena, ikalia vile vile. Kisha akafika kwenye ncha na hakuigonga. Aliingiza kidole. Kidole kilizama mpaka kwenye kifundo cha pili, na alipokitoa, unga wa kahawia ulimwagika juu ya kandambili zake.

“Unaona? Mti mzima uko salama. Umekufa hapa tu, pahala pasipoonekana.”

Boriti haiozi hewani, alieleza. Inaoza ndani ya ukuta, pale ukuta unapokaa na maji. Na ukuta unakaa na maji kwa sababu mbili. Ama yanaingia kutoka juu, kwenye paa bovu, ama yameingia na kuzuiwa kutoka. Hiyo ya pili ndiyo iliyompandisha sauti kidogo.

Alinionyesha upande wa nje wa ukuta, ambako miaka ya nyuma mtu alipiga plasta ya saruji. Kwa macho ulikuwa ukuta mzuri, laini, wa kijivu. Aliugonga kwa fundo la kidole ukatoa sauti ya uwazi. Akapenyeza mwiko kwenye ufa, akaunyanyua kwa kiganja, na bamba la saruji la ukubwa wa sinia likaachia lote kwa pamoja. Nyuma yake mawe yalikuwa meusi kwa unyevu, yamefunikwa na chumvi nyeupe iliyochanua mfano wa manyoya membamba. Mawe haya yametoka baharini na chumvi yanayo toka kuzaliwa kwake. Ukuta wa chokaa hunyonya maji na kuyatoa, mvua ikija na jua likija. Ukiufunga kwa saruji, maji hubaki ndani, chumvi inakosa njia, na mwisho wake inabomoa jiwe na kuozesha mti.

“Saruji si kitu kibaya,” alisema. “Nyumba yangu mimi, Fuoni, ni ya saruji. Ubaya wake uko hapa.”

Uani kulikuwa na lundo la chokaa lililofunikwa magunia mabichi. Mawe ya matumbawe hupangwa juu ya magogo katika tanuri la wazi, yakachomwa mpaka yageuke, halafu chokaa huzimwa kwa maji na kuachwa itulie kwa miezi. Anayeitumia ikiwa changa ataona nyufa kabla ya mwaka kuisha. Aliniambia nitie mkono chini ya gunia. Chokaa ilikuwa baridi, nzito, inateleza, haina hata chembe. Mafundi wake huichanganya na mchanga na udongo mwekundu, kwa vipimo vya karai, na hawana haraka. Ghorofa moja ya nyumba hii ilikuwa imewachukua kaskazi nzima.

Tulipanda juu kwa ngazi za mawe zenye vipandio virefu visivyolingana. Nyumba nyingi za mwanzo zilikuwa na mapaa bapa ya chokaa, yenye milizamu ya kutupa maji njiani. Yalikuwa mahali pazuri pa kupunga upepo jioni, na mahali pabaya wakati wa masika, maana mvua ya Unguja haifanani na ya Maskati. Mabati yalipoanza kuja kwa meli, watu wakayaezeka juu ya yale mapaa bapa, na ndiyo maana leo ukitazama mji kutoka juu unaona bahari ya mabati, mengine yanang'aa, mengi yana kutu, yakiwa yameinamiana kila upande, na katikati yake minara ya misikiti na makanisa.

Mahali bati moja linapomwagia maji jingine, pana mfereji. Fundi alichutama, akatia mkono, akatoa kimoja kimoja: chupa ya maji, soksi ya mtoto, vijiti, kipande cha waya wa umeme, manyoya. Lilikuwa tundu la kunguru. Maji ya mvua yalipofika hapo yalikosa njia, yakafurika na kuingia ukutani, yakateremka ghorofa mbili hadi kwenye ncha ya boriti niliyoona chini. Ngazi, mkono na dakika tano za mtu vingeokoa kazi ya kaskazi nzima.

“Huyu ndiye mkubwa wetu,” alisema akilitupa lile tundu uani. “Kunguru.”

Kutoka Kiponda niliteremka hadi Mizingani, ufukweni, ambako upepo hukupiga usoni mara tu unapotoka kwenye uchochoro. Hapa majengo yamesimama mstari mmoja yakitazama bandari, na hapa, kwa mara ya kwanza, una nafasi ya kurudi nyuma na kuona jengo zima.

Dispensari ya zamani ndiyo inayovuta jicho kwanza. Msingi wake uliwekwa mwaka 1887 kwa fedha za tajiri mmoja wa Kihindi aliyetaka iwe hospitali, lakini alifariki kabla haijaisha, na ikakamilika mwaka 1894. Ni jengo la ghorofa kadhaa lenye roshani za mbao zilizochongwa kwa ufundi wa Bara Hindi, nakshi juu ya nakshi, vioo vya rangi, na kuta zenye mapambo ya plasta ambayo mvua na chumvi zilikuwa zimekwisha kuyala nusu. Kwa miaka mingi chini palikuwa na zahanati na dawa, juu palikuwa na vyumba vya kuishi. Baada ya Mapinduzi ya 1964 lilikaa kwa muda mrefu bila mtu wa kulitunza. Katika miaka ya 1990 likafanyiwa matengenezo makubwa, roshani zikafunguliwa ubao kwa ubao, palipooza pakaungwa, na kazi hiyo ikawa darasa: vijana wa hapa walijifunza upya kupiga chokaa na kuchonga.

Niliingia. Sakafu ilikuwa safi. Mwanga unashuka kutoka juu ya ua, unapita ghorofa moja baada ya nyingine, unagota chini ukiwa umepungua. Nilitazama kwenye kona, mahali ambapo dari inakutana na ukuta, kwa sababu sasa nilikuwa nimefundishwa pa kutazama. Palikuwa pakavu.

Hatua chache mbele ni Forodha ya zamani, nayo ilitengenezwa miaka hiyo hiyo. Baadaye ikaingia skuli ya muziki, na kwa miaka mingi waliopita Mizingani alasiri walisikia udi, kanuni na fidla zikitoka madirishani, mwanafunzi akirudia kipande kimoja cha taarabu mara kumi, mara ishirini, akikosea palepale. Jumba lililojengwa kwa ajili ya mizigo na ushuru liliupokea muziki vizuri: vyumba virefu, kuta nene, dari za juu. Na skuli ina tabia nyingine nzuri kwa nyumba ya zamani. Ina mlinzi, ina mwalimu mkuu, ina watu wa kulalamika siku ya kwanza maji yanapodondokea chombo.

Kisha unafika mahali ambapo hutaki kusimama, na unasimama.

Beit al-Ajaib ilijengwa mwaka 1883 kwa ajili ya sherehe za Sultani, na ilikuwa kubwa kupita kila kitu. Hapa wajenzi walikataa kuamuliwa na mkoko. Waliagiza nguzo na mihimili ya chuma, wakapata kumbi pana ambazo boriti isingeweza kuzibeba, na baraza zilizolizunguka jengo kila ghorofa, juu ya nguzo nyembamba ndefu. Lilipata umeme kabla ya majengo mengine ya Unguja. Mizinga ya Waingereza ya Agosti 1896, katika vita vilivyokwisha kabla ya saa moja kutimia, ilibomoa kasri la jirani, lakini hili likabaki limesimama, likajengewa mnara wa saa mbele. Limekuwa jumba la mfalme, ofisi za wakoloni, skuli ya chama, makumbusho. Kila aliyeingia alilitumia. Chuma nacho kililiwa na chumvi kimya kimya. Mwaka 2012 sehemu ya baraza ilianguka. Tarehe 25 Desemba 2020, likiwa katika matengenezo, upande wa mbele uliporomoka pamoja na mnara wa saa, na watu wawili wakafa.

Nilipopita palikuwa pamezungushiwa mabati. Kwa juu nguzo zilizobaki zinaonekana, na nyuma yake milango ya ghorofa ya pili, mikubwa, iliyochongwa, inayofungukia mahali ambapo zamani palikuwa na baraza na sasa ni hewa. Mwuza madafu aliyeegesha baiskeli yake kivulini alinikuta natazama. Hakusema kitu. Alikata dafu, akanipa, akapokea fedha zake.

Jirani ya Beit al-Ajaib, Ngome Kongwe, ni funzo la namna nyingine. Waomani waliijenga mwishoni mwa karne ya 17 baada ya kuwafukuza Wareno, mahali palipokuwa na kanisa. Kuta zake ni za rangi ya kahawia, nene, butu, zenye meno kwa juu, bila pambo lolote. Imekuwa boma la askari, ikawa gereza, ikawa karakana ya reli mwanzoni mwa karne ya 20 wakati garimoshi lilipokuwa likienda Bububu, ikawa klabu ya wanawake. Leo ndani kuna nyasi, vibanda vya vinyago na kanga, na kiwanja cha maonyesho chenye ngazi za mawe za kukalia watazamaji. Nilikuta vijana wakijaribu vipaza sauti kwa ajili ya jioni. “Moja, mbili. Moja, mbili.” Sauti iligonga ukuta uliojengwa kuzuia mizinga, ikarudi.

Hakuna aliyeipenda ngome hii kwa uzuri, maana haina wa kumwonyesha. Imedumu kwa sababu kila kizazi kiliiona ina kazi. Ukuta mnene na uwanja wazi havichagui mtumiaji.

Shangani nilipita taratibu. Hapa matumizi mapya yana jina moja: hoteli. Jengo lililokuwa la waya za simu zilizolazwa chini ya bahari ni hoteli. Majumba ya wafanyabiashara ni hoteli. Nyingi zimetengenezwa kwa uangalifu, chokaa imepakwa pale inapostahili, milango imesuguliwa mafuta, boriti zimepigwa rangi. Na zote zina kitu kimoja: juu, paani, kuna meza. Mgeni hulipa apande kutazama jua likizama huku akinywa chai ya tangawizi. Kwa hiyo kila siku ya Mungu, asubuhi, kuna mtu anayepanda paani. Anafuta meza, anafagia, anaona bati lililong'oka, anashuka na kumwambia meneja. Hoteli inauza paa lake, na kinachouzwa hutunzwa.

Sina ugomvi na hilo. Nilikaa kwenye mojawapo ya meza hizo, na chai ilikuwa nzuri. Lakini niliposhuka nilihesabu kimoyomoyo yaliyokosekana njiani. Baraza zilikuwa na vyungu vya maua pahala pa wazee. Hakuna aliyetandika karata wala dhumna. Sufuria haikusikika, wala mama akimwita mtoto kwa jina lake lote. Nyumba zimepona, na waliokuwa wakiishi humo wamehamia Fuoni, Mwanakwerekwe na Tomondo, ambako kodi inalipika na gari linafika mlangoni. Mji ukibaki na hoteli tupu utakuwa na mapaa mazuri sana, na usiku wa msimu wa mvua, wageni wanapoondoka, hautakuwa na watu wa kulala chini yake.

Kwa hiyo jioni nilikwenda Sokomuhogo, kwenye nyumba moja isiyo na kibao chochote. Chini pana fundi cherehani. Juu zinakaa familia nne, kila moja ikiwa imejitengea vyumba kwa mbao na mapazia. Nyumba ni ya wakfu: mtu aliiweka zamani kwa ajili ya Mungu, na kodi yake ni ndogo, na kwa kuwa ni ndogo haitoshi kuitengeneza. Nyumba nyingine nyingi za mji huu zilichukuliwa na serikali baada ya 1964 na kugawiwa wananchi vyumba vyumba, na hadithi yake haitofautiani. Anayekaa chini husema maji hayamfikii. Anayekaa juu husema nyumba si yake.

Nilipiga hodi.

“Karibu, mwanangu, pita. Kanyaga pembeni, katikati si pazuri.”

Bibi wa ghorofa ya juu alikuwa amekaa kwenye mkeka akichambua mchele. Nilipita ukutani ukutani, kama alivyoniagiza. Katikati ya chumba sakafu ilikuwa imebonyea kiasi cha kuonekana kwa macho, na kabati lilikuwa limewekewa vipande vya mbao chini ya miguu ya upande mmoja ili lisimame wima. Alinionyesha mabeseni yake. Yalikuwa matano, yamepangana kwenye kona, na alijua kila moja linakaa wapi mvua ikianza: la bluu chini ya dirisha, la njano mlangoni, sufuria kubwa juu ya kitanda cha mjukuu. Alieleza bila kulalamika, akiendelea kutoa mawe kwenye mchele.

Nilimwuliza kwa nini hahami. Alinitazama kwa mara ya kwanza.

“Nihamie wapi? Msikiti pale, soko pale, hospitali pale Mnazi Mmoja natembea kwa miguu yangu. Huko kwenu mtu akiumwa usiku anatafuta gari.”

Jirani zake walikuwa wameingia mmoja mmoja, kwa kuwa jioni ile walikuwa na kikao, na mimi nilitokea tu kukiangukia. Masika iliyopita maji yalifika chini kwenye duka la cherehani na kulowesha kitambaa cha mteja wa harusi. Tangu siku hiyo fundi cherehani naye akakubali kwamba nyumba ni moja. Kibali cha mamlaka ya mji walikuwa wamekwisha kukipata, na wakfu umekubali kutoa nusu. Fundi kijana wa mabati alikuwa amekuja na kamba ya kupimia. Alipanda, tukasikia nyayo zake juu ya vichwa vyetu na vumbi likatuangukia, akashuka, akaandika nyuma ya risiti: mabati kumi na sita, mbao, misumari ya kofia, mfereji wa bati wa upande wa msikiti. Siku tatu za kazi. Jumla yake haikufikia bei ya mlango mmoja wa nakshi unaouzwa mtaa wa Gizenga. Boriti ya sakafu iliyobonyea itasubiri fundi wa chokaa, fedha zikipatikana, lakini ikikauka itasubiri bila kuoza zaidi.

Ubishi mkubwa ulizuka kwenye jambo ambalo sikulitegemea. Mlango wa kupandia paani una kufuli, na kwa miaka mingi ufunguo wake ulikaa kwa mpangaji mmoja aliyehamia Mwanakwerekwe akaondoka nao. Fundi ilibidi avunje kufuli ndipo apande. Sasa walikuwa na kufuli jipya na ufunguo mmoja. Nani aushike? Wa ghorofa ya kati walihofia watoto wataanika nguo juu na kukanyaga mabati. Bibi alisema asiyepanda hawezi kujua kumetokea nini. Mtu akapendekeza ratiba: kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi, baada ya sala, mmoja apande na ufagio, atoe matundu ya kunguru, ashuke aseme alichokiona. Walibishana mpaka adhana ya Isha.

Mwisho walikubaliana. Mchonga funguo wa Darajani atatoa funguo tano, moja kwa kila familia na ya tano kwa cherehani. Cherehani alisema yeye yuko chini, hana haja nayo, na tena goti lake halipandi ngazi. Kesho yake nilipopita dukani kwake nilimkuta anakata suruali, na ufunguo mpya uko kwenye kamba moja na futi yake, shingoni.